Wakazi wa Nchi Zisizokuwapo

Shaaban Robert alifariki dunia mwezi wa Juni mwaka 1962, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo akazaliwa nchini Marekani mtoto wa kike, Suzanne Collins, ambaye alipofikia umri wa miaka 46 alitoa kitabu kuhusu Panem, nchi ya kubuni yenye mji mmoja unaokula na wilaya 12 zinazolima, zinazovua, zinazochimba na zinazofuma ili mji huo ule. Mimi si miongoni mwa wanaoamini kuwa roho za watunzi huhama mwili hadi mwili, wala sidhani kama bibi huyo aliwahi kulisikia jina la karani wa Tanga aliyemtangulia katika kubuni nchi ya dhulma. Nimezitaja tarehe hizi mbili kwa kuwa zimekaribiana mno, na kwa kuwa wasomaji wa watu hawa wawili, ambao hawajuani wala hawana haja ya kujuana, wana tabia moja iliyonishughulisha kwa muda mrefu, nayo ni kwamba hawatoki. Kitabu hukifunga, shule wakaimaliza, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto, ilhali ile nchi waliyoiingia wakiwa na umri wa miaka 15 au 16 hawajapata kuihama.

Mashabiki wa Panem wanajulikana, na habari yao ni fupi kwa aliyekwisha kuisikia. Kila mwaka katika nchi ile hupigwa kura, na kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa umri kati ya miaka 12 na 18, wakapelekwa uwanjani kuuana mpaka abaki mmoja, na taifa zima hulazimishwa kuketi mbele ya televisheni na kutazama. Mtunzi mwenyewe amepata kueleza kuwa fikra hiyo ilimjia usiku alipokuwa akihamahama stesheni za televisheni, hapa vijana wakishindania zawadi, pale askari wakipigana Iraki, hata picha zile mbili zikachanganyika akilini mwake. Vitabu vitatu vilitoka mwaka baada ya mwaka, 2008, 2009 na 2010. Filamu ya kwanza ikaja mwaka 2012. Na wengi wakadhani kuwa mambo yamekwisha, kwa maana mashabiki wa hadithi za vijana aghalabu hukua wakaiacha hadithi ijizike yenyewe. Haikuwa hivyo. Mwaka 2014, jeshi lilipotwaa serikali ya Thailand, vijana wa Bangkok waliinua vidole vitatu, ishara ya watu wa Panem, na wengine wakakamatwa kwa kosa la kuinua vidole. Mwaka 2021 ishara ile ile ikaonekana katika barabara za Myanmar. Mwaka 2020 mtunzi alirudi na kitabu cha nne, na mwaka 2025 cha tano, akienda nyuma katika tarikhi ya nchi yake badala ya kwenda mbele, na watu waliokuwa watoto mwaka 2008 wakavinunua wakiwa na mvi mbili tatu.

Lakini jumuiya ninayotaka kuieleza leo ina umri mkubwa zaidi, nayo haikupata kitabu kipya cha kuiamsha, kwa maana mtunzi wake, Shaaban Robert, amelala kaburini kwa zaidi ya miaka 60. Nataka kuieleza kutoka Kibaoni, kata ya mji wa Ifakara katika bonde la Mto Kilombero, baina ya safu za Udzungwa na milima ya Mahenge, ambako msafiri atokaye Kidatu hufika baada ya kuvipa kisogo Mang'ula na Kiberege. Nimepachagua kwa sababu nyepesi: hapana mahali katika nchi yetu pasipokuwa na wasomaji wa namna hii, na Kibaoni hapana matamasha ya vitabu, hapana jopo la wahakiki, hivyo msomaji wa Kibaoni akiipenda hadithi, ameipenda kwa hiari yake. Bonde hili lina Wandamba, Wambunga na Wapogoro, lina Wabena na Wahehe walioshuka kutoka milimani, lina Wasukuma waliokuja na ng'ombe, na katika mchanganyiko huo Kiswahili ndiyo lugha ambayo watu wasiokuwa wa ukoo mmoja huweza kubishana kwayo usiku kucha juu ya waziri ambaye hakuzaliwa.

Jumuiya hiyo haina kadi wala mwenyekiti. Mtu huitambua kwa dalili ndogo ndogo. Kijana wa bodaboda akimwona kiongozi mdogo anayejikweza, atamwita Majivuno, jina la waziri katika kitabu cha Shaaban Robert, na mwenziwe aliyekaa juu ya pikipiki ya pili atacheka kabla hajaelezwa. Mtu mzima akisikia ahadi ya barabara au ya maji isiyoshikika, atasema hiyo ni habari ya nchi ya kusadikika, na hapo ametamka usemi ambao umekwisha kuingia magazetini na katika hotuba za wanasiasa kiasi kwamba wapo wanaoutumia bila ya kujua kuwa una kitabu hicho, Kusadikika, nyuma yake. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiona wenzake wanaitikia kila wanaloambiwa, atasema wamelishwa unga wa ndere. Huyo wa mwisho amekwisha kuihama Kusadikika akaingia Giningi, nchi ya Bi Kirembwe katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1990 na ambayo kwa miaka mingi vidato vya tano na sita vya Tanzania vimeisoma. Giningi ni nchi ambayo raia wake hulishwa unga wa kuwasahaulisha wao ni nani, hata akatokea kijana mmoja, Mtolewa, akakataa kuwa kama wenzake.

Katika duka moja la vifaa vya shule, pale panapotolewa kopi za vyeti na barua za serikali ya mtaa, niliiona nakala ya tamthilia hiyo ambayo ningependa kuieleza, kwa kuwa inasema mambo ambayo mwenye duka hakuyasema. Jalada lake lilikwisha kutoka zamani, likawekwa la karatasi ya kaki, na juu ya kaki hiyo yaliandikwa majina ya wenyewe, kila jina likikatwa kwa mstari na jingine kuandikwa chini yake, kwa kalamu ya bluu, kwa nyekundu, tena kwa bluu. Ndani, kurasa za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa mistari ya watu waliojiandaa kwa mtihani. Pembezoni paliandikwa “dhamira”, “dhamira”, “ujumbe”, “falsafa”, kwa utiifu wa kusikitisha. Kisha kuelekea katikati mistari ile inapungua, kana kwamba walijisahau wakasoma, na mahali ambapo Bi Kirembwe anajisifu, mkono mmojawapo, ukisukuma kalamu kwa nguvu hata karatasi ikatoboka, uliandika neno moja, “Mwongo!”, na mkono mwingine, wa mwaka mwingine bila ya shaka, ukaongeza chini yake: “Sana.” Watu hao wawili hawakupata kuonana. Nikaulizia bei ya kitabu. Mama mwenye duka akasema hicho hakiuzwi, hicho ndicho cha kutolea kopi.

Nalitazama jambo hilo kwa macho mawili. Kwa jicho moja najua kuwa kutoa kopi ya kitabu kizima ni kumdhulumu mtunzi na mchapaji, na hapana uzuri wa usomaji unaoweza kuifanya dhulma hiyo kuwa haki. Kwa jicho la pili naona kuwa kama si mashine ile, Giningi isingekuwa na wakazi Kibaoni, kwa sababu duka la vitabu lenye vitabu vya hadithi haliko karibu, na kijana ambaye baba yake ameuza mpunga ungali shambani ili kulipia ugonjwa hawezi kuagiza kitabu kutoka Dar es Salaam.

Msimu huo wa mpunga ndio hasa msimu wa kusoma, ingawa maofisa wa elimu hawangeutambua. Familia nyingi za bonde hili huhamia mashambani wakati wa kilimo, mbali na mji, na mpunga unapoanza kutia maziwa kila mwenye miguu huitwa kuamia ndege, kwani kundi moja la kweleakwelea laweza kula kwa asubuhi moja kazi ya miezi minne. Jumamosi moja nilimkuta kijana amekaa juu ya dungu, kamba za mikebe zimefungwa kidoleni mwake cha mguu, kitabu mapajani. Alikuwa akisoma huku ameyashusha macho, na kila ilipopita dakika moja au mbili mguu ule ulivuta kamba wenyewe, mikebe ikalia shamba zima, ndege wakaruka wakatua pengine, na yeye hakuinua uso. Kitabu kilikuwa Kusadikika, chapa ya Mkuki na Nyota. Hakikuwa katika orodha ya mtihani wake. Alikichukua kwa babu yake, aliyekisoma shule ya kati katika miaka ya sitini na ambaye, kwa maelezo ya mjukuu, hamwazimi mtu kitabu hicho bila ya kumsimulia kwanza habari za mwalimu aliyemfundisha, kwa urefu.

Ama kitabu chenyewe, kwa ajili ya msomaji aliyekiacha shuleni, habari yake ni hii. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake, na mshtaki ni Majivuno, waziri. Kosa lake ni kuanzisha mafundisho ya elimu ya sheria, jambo ambalo wakubwa wa nchi wameliona kuwa ni uchochezi, na hapo pana dhihaka ambayo sijui kama watoto wa shule huelezwa, kwamba mtu anahukumiwa kisheria kwa kosa la kutaka watu waijue sheria. Karama hajitetei kwa kukana. Anawasimulia waamuzi wake habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo hiyo, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, mmoja mashariki, mmoja kaskazini, mmoja magharibi, mmoja kusini, mmoja juu mbinguni na mmoja chini ardhini, ambao kila mmoja alikwenda, akataabika, akaona nchi zilizotengenea, akarudi na hidaya ya maarifa, na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo. Mwisho mfalme anakubali. Karama anaachiliwa, na wafungwa wale sita wanatolewa gerezani.

Kitabu kilichapwa na Nelson wa Uingereza mwaka 1951, Tanganyika ikiwa nchi ya udhamini chini ya Waingereza na TANU ikiwa bado miaka mitatu haijazaliwa. Na aliyekiandika alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo tangu mwaka 1926, forodhani kwanza, kisha idara ya wanyama wa porini, kisha ofisi ya serikali huko Tanga. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akila mshahara wa dola aliketi akaandika kesi dhidi ya baraza lisilosikia, akaiweka nchi hiyo angani ambako hapana polisi, na kampuni ya wenye dola ikaipiga chapa. Wapo wanaosema Waingereza hawakukielewa. Mimi naona walikielewa kadiri walivyotaka, maana kitabu kinachomalizika kwa mfalme kusamehe hakimwudhi mfalme yeyote aliye kitini; kila mmoja hudhani kuwa anaelezwa yeye, yule mwema wa ukurasa wa mwisho.

Na hapa ndipo ulipo ugomvi, na ugomvi huo, si sifa, ndio ulioishikilia jumuiya hii kwa miaka zaidi ya 70. Wanafunzi wa miaka ya mwisho ya ukoloni waliusoma msamaha ule kuwa ni bishara: hoja ikiwa njema na ulimi ukiwa fasaha, hata mtawala atasikia. Katika miaka ya sabini wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokuwa wameshika darubini ya matabaka, wakauona kuwa ni udhaifu, kwa kuwa mwandishi ameiacha enzi kama ilivyokuwa na kuibadilisha tabia ya mtu mmoja tu. Wakasema pia kuwa watu wake ni wema mno au wabaya mno, na majina yao yamekwisha kuwahukumu kabla hawajafungua kinywa. Walisema kweli kwa sehemu kubwa. Euphrase Kezilahabi, aliyeufanyia utafiti uandishi wa Shaaban Robert, alikwenda zake akaandika kinyume, na Nagona ya mwaka 1990 pamoja na Mzingile ya mwaka uliofuata ni vitabu viwili vidogo vya dunia iliyokwisha kuvunjika ambamo hapana hata mfalme wa kuombwa.

Leo, jioni baada ya swala ya isha au baada ya kutoka kanisani, mahali penye benchi na redio, ugomvi ule ule utausikia Kibaoni kwa maneno mengine. Mjukuu husema, “Lakini babu, sasa yule mfalme miaka yote hiyo alikuwa wapi? Wajumbe sita wamefungwa, naye yupo!” Na babu hujibu, “Mfalme alifichwa mambo, mwanangu. Mfalme huona kwa macho ya mawaziri.” “Basi na yeye angefungwa pamoja nao.” Hapo mzee hucheka, akasema vijana wa siku hizi wana haraka, kisha, ukimtazama vizuri, utaona kuwa swali limemkaa. Hapana jibu katika kitabu. Lingekuwamo, benchi lile lingekuwa tupu.

Nasema hivi kwa yakini kwa sababu nimeona vitabu vingi vya vijana vilivyomalizika vizuri, mwovu akaadhibiwa, mwema akaoa, msomaji akalala usingizi mnono na asubuhi akawa ameshasahau. Panem nayo haikumalizika hivyo. Katniss Everdeen, msichana wa Wilaya ya 12 aliyekuwa alama ya uasi, alipopewa upinde ili amuue rais aliyeanguka, aliugeuza akampiga kiongozi mpya aliyekuwa akijiandaa kutawala kwa desturi zile zile. Na tangu mwaka 2010 wasomaji wake hawajakubaliana kama alifanya haki au alifanya wazimu. Shaaban Robert aliweka msamaha mahali ambapo Collins aliweka mshale, na wote wawili wakawaachia wasomaji deni.

Yafaa niseme neno juu ya mtihani, ambao ni mlezi wa jumuiya hii na adui yake. Kenya, kitabu kikiteuliwa kuwa cha lazima, kidato kizima cha taifa hukisoma kwa wakati mmoja. Ndivyo Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, chenye nchi ya Tomoko na Mtemi Nasaba Bora, kilivyopata wasomaji wengi kuliko kitabu chochote ambacho mtu angekinunua kwa mapenzi yake, na ndivyo pia hapa kwetu orodha ya wizara inavyoamua ni nchi gani ya kubuni itakayopata wakazi wapya mwezi wa Januari. Bila ya orodha hiyo, vitabu hivi vingekwisha kufa. Lakini tazama namna vinavyofundishwa: kijana hupewa kijitabu cha uchambuzi kabla hajapewa kitabu, akakariri dhamira nane na tamathali kumi, akajibu, akafaulu, na asijue kamwe kama Mtolewa alikuwa na hofu. Huko ni kukoboa mpunga, kumwaga mchele na kuipeleka pumba sokoni. Wale wanaobaki wakazi ni wachache waliojisahau katikati ya mistari, kama yule aliyeitoboa karatasi.

Wengi wa wanaomjua Katniss Kibaoni hawakumjua kwa kitabu, kwani kitabu chake ni cha Kiingereza na ni ghali. Walimjua kwa filamu, katika simu au katika kibanda umiza, na nisingependa mtu awadharau kwa hilo. Kibanda ni majlisi ya aina yake. Nchi hii ilipata kuwa na watu waliozifasiri filamu kwa sauti zao juu ya sauti ya filamu, na jina la Lufufu wa Dar es Salaam halihitaji utangulizi kwa mtu aliyetazama mikanda ya zama zile. Yeye na wenziwe hawakufasiri maneno tu, bali waliongeza, walikosoa, walimpa Mchina jina la Kiswahili na kumwonya shujaa kuwa nyuma yake pana mtu. Watazamaji walizoea kuwa filamu ni jambo la kujibizana nalo. Panem ikionyeshwa mbele ya watu waliolelewa hivyo, haionyeshwi kimya kimya: mtoto Rue anapokufa, uwanja ukiwa umejaa maua, hutasikia kikohozi, lakini sekunde chache kabla yake kibanda kizima kilikuwa kikimpigia kelele akimbie.

Rue huyo anatoka Wilaya ya 11, na sina budi kusimama hapo kidogo. Kazi ya Wilaya ya 11 ni kulima. Watu wake huvuna nafaka na matunda ya taifa zima chini ya ulinzi, na mtu akila alichokivuna hupigwa viboko hadharani. Kibaoni si Wilaya ya 11. Hapana anayepigwa viboko kwa kula wali wake, na anayefananisha mambo hayo kwa pupa hufanya dhihaka juu ya mateso ya kubuni na juu ya shida ya kweli pia. Hata hivyo, bonde la Kilombero ni bonde linalolisha wengine. Mchele wake huliwa Morogoro na Dar es Salaam, miwa yake husagwa Kidatu, na pale pale Kidatu maji ya Mto Ruaha Mkuu yamekuwa yakitoa umeme tangu mwaka 1975, umeme ambao kwa miaka mingi ulipita juu ya vichwa vya vijiji vyenye vibatari. Mkulima ambaye amewahi kupima gunia la lumbesa, lenye kilemba juu yake ambacho mnunuzi hakilipii, hahitaji maelezo marefu juu ya mji unaokula na wilaya zinazolima. Nilipomuuliza kijana wa dunguni kama ameitazama filamu ile, aliniambia ameitazama, na kwamba kilichomshangaza si vita vya uwanjani, bali kuona kuwa watu wa mjini walikuwa wakinywa dawa ya kutapika ili wapate nafasi ya kula tena. Akavuta kamba. Mikebe ikalia.

Ipo nchi ya pili ya Shaaban Robert ambayo nadra kutajwa katika mabenchi haya, nami naona ni hasara. Kufikirika, kilichotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, ni ndugu wa Kusadikika, nacho kwa maoni yangu ni kikali zaidi: ni nchi ambayo mwana wa mfalme akiugua, hupatikana washauri wa kusema kuwa mjinga mmoja na mwerevu mmoja wachinjwe kafara ili apone. Mtoto wa siku hizi aliyekwisha kuona kura za Panem angekielewa kabla ya ukurasa wa kumi. Angekutana humo na Utubusara Ujingahasara, ambaye hata jina lake ni mjadala mzima, akaona kuwa mzee wa Tanga alikuwa na kicheko, jambo ambalo walimu wa dhamira na ujumbe wamefaulu kutuficha.

Kama ningekuwa mwalimu katika shule mojawapo ya bonde hili, ningewapa wanafunzi insha juu ya mjumbe wa saba. Pande nne za dunia zimekwisha, juu kumekwisha, chini kumekwisha. Huyu wa saba mtamtuma wapi? Nimewauliza vijana kadhaa swali hili kwa mzaha, na majibu yao yalikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Mmoja alimtuma baharini. Mwingine alimtuma katika wakati, arudi nyuma awaonye wale sita. Msichana mmoja wa kidato cha tano, asiyependa kuonekana kuwa anafikiri, alisema hana haja ya kumtuma popote, azungushwe humo humo Kusadikika nyumba kwa nyumba, kwa sababu katika kitabu kizima hapana mjumbe aliyetumwa kuwauliza Wakusadikika wenyewe wanataka nini. Nami nikarudi nyumbani nikakifungua kitabu ili nimpate na kosa, nisimpate.

Wachapaji wanaomiliki vitabu hivi wangefanya jema wakivitoa viwili pamoja, Kusadikika na Kufikirika, katika jalada moja gumu linalostahimili jasho na mvua ya shambani, kwa herufi ambazo mzee mwenye miwani ya kuazima anaweza kuzisoma, na bila ya maswali ya marudio nyuma. Bei isizidi debe moja la mpunga kwa bei ya Julai, wakati wa mavuno, mkulima anapokuwa na fedha. Nakala 20 za kwanza ziletwe Kibaoni. Mama wa duka la kopi ameniambia atazipa nafasi kwenye rafu, mradi pasiwe na mtu wa kumkataza kuzitoa kopi.